Tuliwapeleka Vitani, Sasa Wamezeeka
(Mhadhara uliotolewa Iringa, Siku ya Wazee Duniani)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, kamwene!

Sisi watu wa Iringa kumuenzi shujaa hatufundishwi na mtu. Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, alijiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani. Fuvu lake walilichukua, likadaiwa mpaka likaandikwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudi Kalenga mwaka 1954. Miaka 56 tangu kifo chake! Marehemu wetu, basi, hatumsahau. Mimi leo nimekuja kuwasemea walio hai, waliopigana Vita vya Kagera.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Yakaua raia, yakapora ng'ombe, daraja la Kyaka likalipuliwa. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Aprili 11, 1979, Kampala ikaanguka. Hayo mmeyasoma shuleni. Lisilosemwa sana ni kwamba maelfu waliokwenda walikuwa mgambo, wakulima waliokabidhiwa bunduki. Vita vilipokwisha wengi walirudi kwenye mahindi yao. Askari wa ajira ana namba, ana faili, ana mafao yake. Mgambo ana nini? Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo amevuka 65, magoti hayamtii tena.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiyejiweza atibiwe bure. Sera nzuri, naiunga mkono. Lakini tazameni anakopitishwa: barua ya mtendaji, picha za pasipoti, kisha aulizwe cheti cha kuzaliwa, yeye aliyezaliwa shambani msimu wa kuvuna. Anapanda bodaboda asubuhi ya Juni, baridi inakata masikio. Anafika dirishani, juu yake bango linasema mzee apewe huduma kwanza, anajibiwa dawa ya presha imeisha, akanunue nje. Kwa hela ipi?

Zanzibar walianza pensheni jamii Aprili 2016: mwenye miaka 70 na kuendelea, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa aliwahi kuajiriwa wapi. Zilikuwa fedha ndogo, lakini mzee alinunua sukari na sabuni bila kumpigia magoti mkwe. Bara nako tufike huko, na wa kwanza kwenye foleni wawe hawa waliotulindia mpaka.

Na wajane jamani. Mjane mmoja huko Mufindi alinifungulia sanduku la bati, akatoa barua ya kifo cha mumewe iliyofungwa kwenye nailoni. Kwenye mikunjo maandishi yamefutika kabisa. Kaburi hajaliona hata mara moja. Makaburi ya mashujaa wa vita ile yako Kaboya, Muleba, upande wa pili wa nchi, na nauli ya basi kwenda huko ni magunia ya mahindi. Halmashauri inakodi basi la kupeleka timu ya mpira mashindanoni. Ishindwe kuwapeleka wajane mara moja kabla hawajafa?

Watendaji wa vijiji mko hapa, nawaona. Daftari la wakazi mnalo. Ongezeni safu moja: alikwenda vitani au hakwenda, kikosi gani, mwenza wake yu hai? Kazi hiyo haingoji bajeti ya Dodoma. Mkitoka hapa anzeni na kitongoji kimoja, na orodha mwipeleke kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya kwa mkono wenu, asitumwe mzee.

Sasa maswali. Tuanze na wazee, na kipaza sauti kipelekwe walipokaa.