Darini Kabla ya Mvua

Assalaam alaykum, wazee wangu na ndugu zangu wa Mji Mkongwe.

Wengi wenu mna darini kama yangu. Nyumba zetu nyingi mwanzo zilikuwa na dari tambarare la boriti, mawe na chokaa. Lilipochoka likaanza kuvuja, wenyewe wakapandisha mabati juu yake. Kati ya dari na mabati pakabaki nafasi, na leo kila mwenye kijana wa kuoa akiitazama anaona chumba. Ni haki yake.

Ila nawaomba, msianze na rangi wala vigae. Anzeni na mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Paa lifunguliwe kipupwe, Juni ikishaingia. Kaskazi nayo ni kavu, lakini fupi. Mimi nilifungua Februari. Mabati yakachelewa, Machi ikatukuta wazi, tukakesha na turubai na ndoo, mama yangu akahamia kwa jirani.

Miezi ya kungoja msikae bure. Chokoeni ncha za boriti pale zinapoingia ukutani. Katikati mti utauona mzima, kumbe umeoza ndani ya ukuta. Na boriti hizo za mikoko ndizo zilizopima vyumba vyetu, upana wa kama mita 3, kwa kuwa mti haufiki mbali zaidi. Ukijenga darini kuta za matofali na kuweka tangi la maji, umeutwika mzigo usio wake. Jengeni kwa mbao. Sote tuliona tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib, jumba la 1883, lilivyoporomoka upande mmoja likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafariki.

Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kiombeni mapema, kabla hamjamlipa fundi hata shilingi.

Chokaa haikimbizwi. Irowekwe shimoni wiki kadhaa kabla, ipakwe tabaka jembamba, na kila tabaka lipewe siku zake. Fundi akisema tutie saruji tuwahi, mkatazeni: saruji hufungia unyevu ndani ya jiwe la matumbawe, na unyevu huo huishia kwenye boriti.

Mwaka uliofuata nilifungua upande mmoja tu, Julai, nikauezeka. Ndipo Agosti nikafungua wa pili. Lipu ikaanza Septemba. Mama alirudi chumbani kwake Novemba, vuli ikipiga juu ya bati.