Tuyaachie Maji Nafasi, Tujiachie Njia

Ndugu zangu, jambo hili la kuacha njia ya kijani kando ya makorongo yetu nimelisema katika mikutano mingi, na leo nalirudia kwa sababu bado naona malori yakimwaga kifusi korongoni.

Wapo wanaouliza mafuriko yatatoka wapi katika mkoa wa ukame kama Dodoma. Mvua yetu ni kama milimita 570 kwa mwaka, lakini karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, mara nyingi kwa vishindo vichache juu ya ardhi iliyokauka ikawa ngumu kama sakafu. Maji hayo hayawahi kuzama, bali hukimbilia korongoni, na korongo likibanwa na kuta hupita sebuleni.

Mtaa ninaoishi umegawanywa na korongo. Nilipohamia, kandokando yake palikuwa na njia chini ya migunga, ambako wanafunzi walipita, akina mama waliotoka sokoni walitua mizigo, na wazee wa pande zote mbili walicheza bao. Baadaye viwanja viliongezwa, uzio ukafika ukingoni, njia ikafa, na ndani ya miaka michache tukawa wageni kwa majirani wa ng'ambo. Usiku mmoja wa Januari tulisikia mayowe upande wa pili, lakini hatukujua ni nyumba ya nani wala tupitie wapi. Bibi mmoja alikaa juu ya meza na wajukuu wake mpaka alfajiri, ilhali kwa njia ile ya zamani tungemfikia kwa dakika tano. Wote walinusurika, namshukuru Mungu, lakini usiku ule sijausahau.

Kwa hiyo ninapodai njia ya kijani sidai pambo la mji. Ninadai ukanda wenye miti na njia ya miguu na baiskeli, ambao korongo likijaa unakuwa wa maji, na siku nyingine zote ni wa watu. Singapore walibomoa mfereji wa zege wa mto Kallang katika bustani ya Bishan-Ang Mo Kio, wakaurudishia mto mikunjo na kingo za nyasi, kazi iliyokamilika mwaka 2012. Maji yakipanda watu huondoka, yakishuka hurudi.

Nitaambiwa kwamba miti itaficha wezi. Wezi hupenda mahali pasipopita mtu, nasi tunataka mahali panapopitwa asubuhi na jioni. Nitaambiwa pia kwamba korongo si mto, hivyo katazo la kufanya shughuli ndani ya mita 60 kutoka mto, lililomo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, halilihusu. Anayesema hivyo aje alitazame Januari.

Muda umekwisha, na kuhusu miti nitasema tu kwamba tupande migunga, mikwaju na mibuyu inayolijua jua letu, tuache nyasi za kumwagiliwa kila siku. Kuhusu kalvati zilizozibwa na taka, naomba wenyeviti wa mitaa tubaki pamoja baada ya kikao hiki, tupange siku ya kuzizibua kabla ya Desemba.