Zimwi Naye Hubembeleza Mtoto

Ndugu zangu waandishi, asanteni kwa kunialika. Nitaanza na lawama. Katika hadithi nyingi za kubuni, mazimwi hunguruma, huchoma vijiji, kisha hufa. Muulize mwandishi siku zisizo na vita wanakula nini, anakuna kichwa. Nyimbo zao ni za vita, na mnyama wao ni wa kupanda kwenda vitani. Basi.

Tolkien, mwandishi Mwingereza wa hadithi za kubuni, hakuridhika na hilo. Katika The Hobbit, 1937, mazimwi wa mapangoni wanaimba huku wakiwaswaga mateka, na wimbo unakwenda kwa mapigo ya miguu na mijeledi. Baadaye, katika The Lord of the Rings, nchini Mordor, nchi ya adui mkuu, akaweka nzi wang'atao wenye doa jekundu mfano wa jicho, alama ileile ya askari wa huko. Nzi tu! Mimi nchi ile naiamini kwa nzi wale kuliko kwa majeshi yake yote.

Haya, tubuni ya kwetu. Wanaishi pangoni, jua hawalijui. Msianze na meno. Anzeni na kinyesi cha popo. Hicho hulisha mende, mende huliwa na buibui, na mazimwi wetu wanakula popo wenyewe. Popo wakihama, njaa imeingia. Hapo wimbo wa kwanza mmeshaupata: wa kuwaita popo warudi.

Utaimbwaje? Pangoni, ukiimba haraka, mwangwi unakurudia na maneno yanapandana. Kwa hiyo mistari iwe mifupi, kituo kirefu, na mwangwi ndio uitikie.

Lafudhi je? Fuko wasio na manyoya, wanaoishi chini ya ardhi Kenya, Ethiopia na Somalia, husalimiana kwa milio. Utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba kila kundi lina lafudhi yake, na fuko huitikia zaidi ile ya kwao. Jamani, zawadi gani tena mnataka? Mpelelezi aliyejipaka matope akanuka kama zimwi atakamatwa kwa kuitikia vibaya.

Wimbo wa kubembeleza ndio ulionipa raha zaidi:

Lala mwanangu gizani, popo wamerudi ndani,
Tone lagonga maweni, baba yuko mawindoni.

Anawinda nini? Msiweke maelezo chini yake. Msomaji aliyemwacha shujaa wake mlangoni mwa pango, kurasa mbili nyuma, atajijibu mwenyewe.