Jina la kivuli

Wazee wangu, shikamooni. Walimu na vijana, hamjambo. Najua wengine mnawahi kivuko cha Kamanga, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mama mmoja kanisimamisha hapo mlangoni akaniuliza: "Mwalimu, hivi mnawasomesha watoto wetu uchawi?" Swali lake ni zito, na ndilo nitakalolijibu leo.

Mimi na vijana tunasoma vitabu vya hadithi za Earthsea, vya Ursula K. Le Guin wa Marekani. Viko sita, cha kwanza kilitoka 1968, cha mwisho 2001. Ni dunia ya visiwa tu, watu wake wengi ni weusi au maji ya kunde, na bila mashua huendi popote. Mtoto wa Ukara au Ukerewe anaingia humo kama anaingia kwao.

Sasa hilo neno uchawi. Kiingereza kina neno, "wizard", ambalo mwenye uwezo huo aweza kuitwa awe mwema au mwovu. Kiswahili kilishaamua zamani: mchawi hana wema, anayeponya ni mganga. Vijana walibishana Jumamosi nzima wamwiteje Ged, shujaa wa kitabu cha kwanza. Mwishowe wakachukua "mjuzi", kwa kuwa kazi yake ni kujua jina la kweli la kila kitu. Nilifurahi sana siku ile.

Ged ni mchunga mbuzi mwenye kipaji na kiburi. Akiwa chuoni, anaita roho ya mfu ili tu mwenzake akubali kwamba amezidiwa. Hapo panapasuka ufa, kinatoka kivuli, kinamrarua uso. Mkuu wa chuo anaumaliza uhai wake akiuziba ufa ule. Ged anapona, lakini kivuli kinamwinda kisiwa hadi kisiwa, hadi mwalimu wake wa zamani anamwambia ageuke, akiwinde yeye.

Anakifuata na rafiki yake kwa mashua ndogo, wakavipita visiwa vyote. Wanapokutana, Ged anaiacha fimbo yake, anakishika kwa mikono miwili, na yeye na kivuli wanatamka jina moja kwa wakati mmoja. Kila mmoja anasema: Ged.

Tulipofika hapo chumba kilinyamaza. Kisha binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye huwa hasemi, akasema: "Angekuwa huku kwetu, angepelekwa kwa mpiga ramli, akatajiwa jina la bibi wa jirani."

Wazee wangu, sote hapa tunajua alichokisema. Kanda yetu hii ya Ziwa imezika vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Macho ya mama aliyepika maisha yake yote kwenye moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe! Mtoto kafa kwa homa, ng'ombe wamekufa, mvua imegoma, basi tunatafuta mlango wa kunyooshea kidole. Ramli chonganishi kazi yake ni hiyo, kukupa jina ambalo si lako.

Mimi sijaona hadithi inayompinga mpiga ramli kwa nguvu kama hii. Kile kivuli hakikutumwa na mtu. Ged alikitoa mwenyewe, kwa kiburi chake, na hakuna jina la jirani ambalo lingekishika.

Kwa hiyo, mama, jibu langu ni hapana. Lakini usiishie kwenye neno langu. Jumamosi saa nne asubuhi tunaanza kitabu cha pili, cha msichana aliyechukuliwa kwao akiwa mdogo, akanyang'anywa jina lake na kuwekwa kuyatumikia makaburi ya nguvu za giza. Tuna nakala tatu, moja jalada lake limeng'oka, kijana wa mwaloni kwa wavuvi kalishona kwa uzi wa nyavu. Hiyo nitakushikia wewe, tusome pamoja.