Chupa Inayokwisha Siku ya 17

Naona mnacheka. Ndiyo, morfini ya maji tena, ile dawa ya maumivu makali, mpaka mnichoke.

Tuhesabu. Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi anarudishwa kijijini kutoka hospitali ya rufaa na chupa ya mililita 500. Kila mililita 5 ina miligramu 5. Anakunywa mililita 5 saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 na saa 12 jioni. Saa 4 usiku anakunywa 10, alale hadi kuche. Jumla mililita 30 kwa siku. Siku ya 17 ikifika jioni, chupa imekauka, dozi ya usiku hakuna. Sasa someni kadi yake: "Rudi baada ya mwezi." Na sijagusa dozi za ziada, maana maumivu yakichomoza kabla ya saa ya dozi lazima aongezewe.

Kwa hiyo kabla ya kuandika tarehe ya kurudi, gawanya kwanza chupa kwa dozi za siku! Na aje anayemuuguza na daftari la dozi. Mgonjwa wa nini kumpakia kwenye bodaboda?

Kuna atakayesema, "Atazoea, atakuwa teja." Mtu wa maumivu makali akipewa kwa kipimo, kwa saa zake, hatafuti ulevi, anatafuta usingizi. Uganda tangu 2004 wauguzi na matabibu waliosomea huduma shufaa, yaani kumtuliza mgonjwa asiyepona, wanaruhusiwa kumwandikia mgonjwa morfini. Sisi bado tunabishana.

Kinachowatisha ndugu ni zile siku mbili tatu za mwanzo, mgonjwa analala tu. Waambieni mapema: amekesha wiki nyingi, analipa deni la usingizi. Ukimwita akaitika, akanywa uji, akalala tena, msiogope. Asipoamka kabisa na pumzi zikawa za kuhesabu, hapo msimpe nyingine, pigeni simu.

Usingizi huo hupungua. Kufunga choo hakupungui, na ndiko kunakofanya familia imwage dawa: tumbo limejaa, wanasema morfini imemharibu. Bisakodili, dawa ya kulainisha choo, ianze siku ileile ya kwanza, kila usiku. Msisubiri alalamike.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi harufu ya kidonda cha saratani, haraka: osha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, ponda vidonge vya metronidazoli, dawa ya kuua bakteria wanaoleta harufu, nyunyiza unga wake, funika kwa kitambaa safi. Ya nauli na malazi ya ndugu mjini, tutayapata kwenye maswali, kama madiwani hawajaondoka.