Mwenye Duka, Dhamiri Yake na Mteja Wake

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wageni, mabibi na mabwana,

Mfanyabiashara anapokataa kazi kwa sababu ya imani yake, mimi huuliza kwanza kama alichokataa ni mtu au ni maneno.

Mwezi Mei 2014, mteja mmoja alikwenda katika duka la Ashers mjini Belfast, akaagiza keki iliyoandikwa wito wa kuunga mkono ndoa za jinsia moja, akalipa pauni 36 na peni 50. Oda ilipokelewa bila ubishi, lakini baada ya siku chache wenye duka, ambao ni Wakristo, walimpigia simu wakamweleza kwamba imani yao haiwaruhusu kuyaandika maneno hayo, wakamwomba radhi, na fedha zake zikarudishwa. Mwaka 2015 mahakama iliamuru mteja huyo alipwe fidia ya pauni 500, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana na uamuzi huo. Keki hiyo, ambayo haikuokwa, ilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza, na tarehe 10 Oktoba 2018 majaji wote watano waliwapa ushindi wenye duka. Jaji Hale alieleza kwamba pingamizi lao lilihusu ujumbe na si mteja, kwa kuwa wangemkatalia yeyote aliyeleta maneno yale, awe na mwelekeo wowote wa kimapenzi, na kwamba sheria haiwezi kumlazimisha mtu kutoa kauli asiyoiamini.

Naikubali hoja hiyo, hasa kwa sababu haimpi mfanyabiashara ruhusa ya kumfukuza mtu mlangoni. Huko South Carolina, mwenye migahawa ya nyama choma ya Piggie Park alidai kwamba dini yake ilimkataza kuwahudumia watu weusi pamoja na weupe. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa hoja hiyo kuwa haina msingi wowote. Nyama choma haina ujumbe, na aliyekataliwa pale alikuwa mtu.

Ugumu unaanza pale ambapo kazi yenyewe ina usanii ndani yake. Katika kesi ya mwokaji wa Colorado aliyekataa kutengeneza keki ya harusi ya wanaume wawili, mwaka 2018, majaji saba kati ya tisa wa mahakama hiyo hiyo ya Marekani waliona kwamba tume ya jimbo ya haki za raia iliidharau imani yake, wakaishia hapo. Kwa maoni yangu walilikwepa swali lenyewe, yaani kama mwokaji anaweza kulazimishwa. Mwaka 2023 majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba mbunifu wa tovuti, pia wa Colorado, hawezi kulazimishwa kutengeneza tovuti za harusi za jinsia moja, zinazopingana na imani yake. Jaji Sotomayor alipinga, akisema kwamba kwa mara ya kwanza biashara iliyo wazi kwa umma imepewa haki ya kikatiba ya kuwanyima huduma watu wanaolindwa na sheria. Sikubaliani naye kuhusu tovuti, kwa maana tovuti ni maneno. Lakini hukumu ile haikutuambia usanii unakoma wapi, na mpambaji wa ukumbi au mpishi wa karamu, kesho akikataa harusi kama hiyo, atadai kwamba naye ni msanii.