Kanisa na Shamba la Mjane

Baba Askofu, wachungaji, wainjilisti na wazee wa usharika, nimeombwa nizungumzie sera ya ardhi, umaskini na utume wa kanisa, nami nitashughulika na mjane na shamba aliloachiwa, kwa kuwa hapo sheria, desturi na Injili hukutana, na mara nyingi hugongana.

Nchini Tanzania, Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 ilitangulia sheria mbili za 1999. Mojawapo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, inatamka katika kifungu cha 20 kwamba desturi inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Hata hivyo, Tangazo la Sheria za Mila la 1963, lililohusu jamii za ukoo wa kuumeni, lilimnyima mjane fungu la urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Wajane wawili walilipinga mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, ila ikakataa kuzifuta.

Hapa kwetu Kilimanjaro shauri huamuliwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo lenye makazi na migomba. Mazishi yakiisha, mchungaji hula, huaga, huondoka. Ndipo wazee wa ukoo husogeza viti migombani, na mjane, aliye jikoni na wenzake, huitwa kusikia yaliyokwisha kuamuliwa. Si koo zote, lakini zipo ambako baada ya muda masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, hung'olewa na kupandwa hatua kadhaa ndani ya shamba lake, masale yaleyale ambayo Mchaga humpelekea jirani anapoomba msamaha. Bila migomba, kahawa na majani ya ng'ombe, mama huyo hufika kwenye orodha ya diakonia, huduma ya kanisa kwa wahitaji, nasi tunampa debe la mahindi. Tunamlisha mtu tuliyemwacha anyang'anywe.

Katika Hesabu 27 binti watano wa Selofehadi walidai urithi wa baba yao mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani na mkutano wote, na Bwana akasema wamenena haki. Shauri la ardhi, basi, lilisikilizwa mahali pa ibada.

Napendekeza mchungaji, au mzee aliyemtuma, asiondoke kabla ya kikao cha ukoo; muhtasari uandikwe na mjane atie sahihi; kisha usharika umsindikize kwenye halmashauri ya kijiji hadi jina lake liingie katika hati ya hakimiliki ya kimila. Ugumu naujua: anayeongoza kikao cha ukoo mara nyingi ni mzee wa kanisa hilohilo, na pengine ukoo wake ndio uliotoa kiwanja cha kanisa. Lakini nidhamu ya kanisa, ambayo huwa nyepesi kumwangukia binti aliyepata mimba, haina budi kumfikia pia mzee aliyehamisha masale.